Vazi Linalong'aa: Nguo Kwanza, Taa Baadaye

Mazungumzo kwa mafundi cherehani na vijana wanaoanza, wadi ya Makina, Kibra



Siku hizi mteja haji na kitambaa mkononi. Anakuja na simu. Kijana anafika kwenye kibanda cha fundi, anafungua picha ya mtu aliyevaa suti nyeusi yenye mistari ya buluu inayowaka kifuani, mabegani na miguuni, na anauliza, "Mama, unaweza kunishonea hii? Ni ya mchezo wa kuigiza, mimi ndiye roboti." Fundi anaichukua simu, anaikuza picha kwa vidole viwili, anaitazama kwa muda. "Hii ni kitambaa gani?" Kijana anaanza kueleza habari za taa, za betri, za rangi zinazobadilika. Fundi anamkatiza kwa upole: "Taa nimeziona, mwanangu. Nauliza nguo."

Swali hilo la fundi ndilo sahihi, na wengi wanaoanza kazi hii hawajiulizi. Wanakimbilia taa. Wanatumia pesa zote kwenye taa, kisha wanazibandika kwa gundi kwenye fulana ya zamani, na usiku wa onyesho fulana inavutika, waya unakatika begani, na roboti anamaliza mchezo gizani. Vazi linalong'aa ni nguo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Lazima limkae mvaaji, lazima aweze kukaa chini, kuinua mikono na kwenda msalani. Taa ni kazi ya mwisho, na ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kabla ya kushika mkasi, inafaa kujua kwamba picha ile ya kwenye simu pengine inadanganya kidogo. Mavazi ya aina hii yalipata umaarufu mwaka 1982, filamu ya Tron ilipotoka Marekani. Watu waliotazama waliona wachezaji wanaong'aa mwili mzima. Ukweli ni kwamba nguo zile hazikuwa na taa hata moja. Wachezaji walipigwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, na mwanga ukaongezwa baadaye kwa mkono, picha baada ya picha, katika chumba cha kazi. Filamu iliyofuata, Tron: Legacy ya mwaka 2010, ndiyo iliyotumia mavazi yenye taa za kweli ndani yake, na hata hapo betri hazikudumu: taa ziliwashwa kamera ilipokuwa tayari na kuzimwa mara tu tukio lilipokwisha. Hiyo ni filamu yenye bajeti ambayo Kibra nzima haijawahi kuiona. Kwa hiyo anayeanza Makina asijilaumu kama vazi lake halishindi likiwaka usiku kucha.

Wala si lazima mfano utoke mbali. Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi kuhusu dunia iliyoishiwa maji baada ya vita, na iliyoifanya ile dunia iaminike haikuwa mwanga mwingi bali namna watu walivyovaa na walivyobana kila tone. Msanii Cyrus Kabiru, aliyekulia Korogocho akitazamana na jaa la Dandora, amejulikana duniani kwa miwani anayoitengeneza kwa waya, vizibo na vyuma vilivyotupwa. Ukiitazama miwani yake unaona mtu wa karne ijayo, na hakuna betri ndani. Mwaka 2023 Kibera ilipata wiki yake yenyewe ya mitindo. Mikono ipo. Cherehani zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio wa kazi, na tahadhari ambayo itazungumziwa hapa chini kwa urefu kwa sababu ina uzito kuliko mengine yote.

Basi tuanze na mchoro. Anayeanza achore mtu mbele na nyuma kwenye karatasi, halafu achore mistari ya mwanga kwa kalamu ya rangi. Baada ya hapo afute nusu ya mistari hiyo. Si mzaha. Vazi lenye mistari minne iliyonyooka linapendeza kuliko lenye mistari ishirini iliyopinda, na kila mstari ni waya zaidi, maungio zaidi, na mahali pengine pa kukatika. Mstari mmoja toka bega hadi kiunoni kila upande, mmoja kwenye kila mkono kutoka bega hadi juu kidogo ya kiwiko, basi. Mstari usivuke kiwiko wala goti. Kiungo kinachokunjwa mara mia kwa usiku mmoja huvunja waya, na kama muundo unalazimisha mwanga upite hapo, basi uishie juu ya kiungo na uanze upya chini yake, uunganishwe na waya laini uliolegezwa.

Mahali pazuri pa kupitisha mwanga ni penye mshono. Fundi cherehani anajua hilo bila kuambiwa: mshono tayari umefuata umbo la mwili, una ukingo wa kufichia waya kwa ndani, na macho ya mtazamaji yamezoea kuuona hapo.

Nguo yenyewe haihitaji kununuliwa mpya. Ovaroli ya mitumba, suti ya michezo nyeusi, koti la jinzi lililochakaa kwenye mikono tu, vyote vinapatikana Toi kwa anayejua kuchagua na ana subira ya kushinda asubuhi akipekua. Rangi nyeusi au buluu iliyokolea ni bora kwa sababu giza la nguo ndilo linaloupa mwanga nguvu. Taa ileile inayoonekana dhaifu kwenye nguo nyeupe huwaka vizuri kwenye nyeusi. Kitambaa kiwe kizito kiasi: pamba nene, jinzi, kaki. Nailoni nyembamba na poliesta inayoteleza ni nzuri machoni lakini ikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Mvaaji avae fulana ya pamba ndani, kila mara, hata kama ni joto.

Sehemu ngumu za vazi, yaani mabega yaliyoinuka, kinga ya kifua na ya mikono, hutengenezwa kwa sponji ngumu ile ya ndara. Ndiyo, ndara za bafuni. Shirika la Ocean Sole hapa Nairobi limekuwa likichonga twiga na tembo kwa ndara zilizookotwa ufuoni mwa bahari, kwa hiyo hakuna haja ya kuiona malighafi hii kuwa duni. Mikeka ya sponji ya watoto, ile inayoshikana kama mafumbo, ni ya aina hiyohiyo na ina upana wa kutosha. Hukatwa kwa kisu kikali, hupashwa joto kidogo, hukunjwa juu ya goti au sufuria na kushikiliwa hadi ipoe, na hapo hubaki na umbo hilo. Anayepasha joto afanye hivyo nje, kwa sababu moshi wa sponji iliyoungua si wa kuvutwa ndani ya chumba.

Sasa taa. Kuna njia tatu zinazomfaa anayeanza, na hazilingani.

Ya kwanza haina umeme kabisa: utepe wa kuakisi, ule wa fulana za waendeshaji boda boda, ambazo sheria ya trafiki inamtaka dereva na abiria wake kuzivaa. Utepe huu hautoi mwanga wake. Unaurudisha mwanga unaoupiga, karibu moja kwa moja kule ulikotoka. Ndiyo sababu taa ya gari ikiugonga dereva anauona unawaka, na aliyesimama pembeni haoni kitu. Kwa mavazi yatakayopigwa picha kwa simu yenye flashi, utepe huu pekee unatosha, na matokeo yake hushangaza watu. Anayeanza akianza hapa hajakosea. Anajifunza kushona mistari iliyonyooka, na akiharibu, hasara ni ya uzi tu.

Ya pili ni waya unaong'aa, unaofanana na uzi mnene wa plastiki na hung'aa urefu wake wote bila madoa. Ni mzuri sana machoni, unapindika, na ndio unaoonekana kwenye picha nyingi za mavazi ya aina ya Tron. Lakini una mambo matatu. Mwanga wake ni hafifu. Mchana hauonekani, na chini ya taa kali za jukwaa unapotea. Hauwezi kuunganishwa na betri moja kwa moja, unahitaji kisanduku chake kidogo cha kupandisha umeme, na kisanduku hicho hutoa mlio mwembamba kama wa mbu ambao mvaaji atausikia usiku mzima. Tena umeme unaotoka kwenye kisanduku ni wa volti nyingi kuliko betri iliyomo. Hauna nguvu ya kuua, lakini ncha ya waya iliyokatwa na kuachwa wazi humchoma mvaaji mwenye jasho. Ncha zote zifunikwe.

Ya tatu ndiyo ya kutegemewa: taa za LED. Zipo moja moja, zile ndogo zenye miguu miwili, na zipo za utepe. Barabara ya Luthuli mjini imejaa maduka yake. Lakini kabla ya nauli ya kwenda mjini, fundi wa simu wa jirani aulizwe. Ana boksi la taa za sola zilizokufa, tochi zilizovunjika na nyaya za chaja zilizokatika. Katika taa ya sola iliyokufa, mara nyingi kilichokufa ni betri. LED zake bado ni nzima. Waya wa chaja ya zamani ukichunwa una nyuzi ndani, nyekundu na nyeusi zikiwa ndizo za umeme, na ni laini, unakunjika bila kuvunjika haraka. Huo ndio waya wa kushonea vazi. Waya wa earphone usitumiwe. Nyuzi zake zimepakwa rangi inayozuia umeme na humsumbua hata mzoefu.

LED moja moja ina mguu mrefu na mguu mfupi. Mrefu ni chanya. Ikigeuzwa haiwaki, na hapo wengi huitupa wakidhani ni mbovu. LED nyekundu inataka takriban volti 2, nyeupe na buluu takriban volti 3, na zote zisipitishiwe zaidi ya miliampea 20. Sasa betri tatu ndogo za tochi zikipangwa moja nyuma ya nyingine zinatoa volti 4.5. Zikiunganishwa moja kwa moja na LED nyeupe, itawaka kwa fahari kwa muda mfupi kisha itakufa. Kinachoilinda ni rezista, kidude kidogo chenye mistari ya rangi ambacho bei yake haitikisi mfuko. Hesabu yake ni ya darasani: volti 4.5 ukitoa 3 ni 1.5, gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 75. Chukua ya omu 100, ndiyo rahisi kupatikana, na LED itaishi muda mrefu zaidi. Kwa nyekundu ni 4.5 ukitoa 2, yaani 2.5, gawanya kwa 0.02 ni 125. Chukua ya 150. Kila LED na rezista yake. Kuna watakaosema walifanya bila rezista na ikawaka. Iliwaka, kweli. Waulizwe iliwaka siku ngapi.

Utepe wa LED ni rahisi zaidi kwa sababu rezista zimo ndani. Upo wa volti 12 na wa volti 5. Anayeanza achukue wa volti 5, ule wenye kichwa cha kuchomeka kwenye pawabenki. Utepe umewekewa alama ya mkasi kila baada ya sentimita chache. Ukikatwa kwenye alama unaendelea kuwaka, ukikatwa penginepo kipande hicho kinakufa. Hapa pia kuna hesabu. Kama utepe unatumia wati 5 kwa kila mita, mita moja kwenye volti 5 inavuta ampea 1. Pawabenki ya miliampea 10,000 ina takriban wati-saa 37 ndani yake, na baada ya kupotea njiani zinabaki kama 30, kwa hiyo mita moja itawaka saa sita hivi. Mita mbili, saa tatu. Mita nne zitadai ampea 4, na pawabenki nyingi haziwezi kutoa hizo kwenye tundu moja. Lebo za bei rahisi pia hutia chumvi, kwa hiyo jaribio la mezani ndilo la kuaminiwa: washa, weka saa, kaa nayo.

Kuna ajabu moja inayowatatiza watu: pawabenki inazima yenyewe baada ya nusu dakika ingawa imejaa. Si mbovu. Nyingi zimeundwa kujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo mno, zikidhani simu imeshajaa. Mwenye LED nne tu atumie betri za tochi, aachane na pawabenki.

Sasa jambo linalotofautisha kazi nzuri na taa za Krismasi. Utepe wa LED ukiwekwa wazi juu ya nguo, jicho linaona vidoa, moja, moja, moja. Linaona duka, halioni roboti. Siri ni kuuficha mwanga nyuma ya kitu cheupe ili usambae kabla haujamfikia mtazamaji. Plastiki ya chupa ya maziwa ni nzuri sana kwa kazi hii. Karatasi laini ya sponji inayofungiwa runinga mpya ni nzuri zaidi na hushonwa kwa cherehani bila kulalamika. Bitana nyeupe iliyokunjwa mara mbili pia hufaa. Lakini aina ya kitambaa si muhimu kama umbali: LED ikigusa kitambaa, kidoa kinaonekana, ikiwa nyuma kwa sentimita moja au mbili, vidoa vinaanza kuungana kuwa mstari mmoja. Umbali huo hupatikana kwa kukata mfereji kwenye sponji ya ndara, kulaza utepe chini ya mfereji, na kufunika juu kwa plastiki nyeupe. Njia nyingine ni kuugeuza utepe utazame ndani, umulike kitambaa cheupe, na mwanga unaorudi ndio uonekane. Inapoteza nguvu kidogo, lakini inapendeza. Anayeanza atumie jioni nzima kujaribu vitu vyeupe vilivyomo nyumbani, kimoja kimoja, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Jioni hiyo itamfundisha kuliko mazungumzo haya.

Taa zisibandikwe kwa gundi kwenye nguo. Gundi ya nyuma ya utepe haishiki kitambaa, na gundi ya moto huachia mvaaji akitoka jasho. Fundi ashone mfereji wa kitambaa kwa ndani, kama ule wa kupitishia kamba ya suruali, na utepe upite humo ukiwa huru. Ncha moja tu ndiyo ishikizwe kwa uzi. Waya uachiwe ulegevu wa kutosha kila mahali nguo inapovutika. Mvaaji ainue mikono juu kabisa wakati wa kupima, achuchumae, ageuke kiuno, kisha urefu wa waya ukatwe. Kwenye maungio, waya ulehemiwe na kufunikwa kwa mpira au tepu ya umeme, halafu ushonwe nguoni sentimita mbili kabla na mbili baada ya kiungo hicho, ili nguvu ya kuvuta ishikwe na uzi. Risasi ya kulehemia ikivutwa haishiki.

Betri ikae wapi? Kiunoni, mbele au ubavuni, ndani ya mfuko ulioshonwa kwa nje, wenye kifuniko cha velkro. Isikae mgongoni. Isikae ndani ya nguo karibu na ngozi. Sababu ni hii: mvaaji lazima aweze kuing'oa betri na kuitupa mbali kwa mkono mmoja, bila kuvua nguo, bila kumwita mtu. Fundi apime jambo hilo kama anavyopima kifua na urefu wa mkono. Amwambie mvaaji, "Toa," na ahesabu hadi tatu. Kama haijatoka, mfuko ushonwe upya.

Wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa moto ni nini. Oktoba 2024 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Soko la Toi na watu wakapoteza maisha, na kila mtu Makina anamjua aliyepoteza kibanda, au mtaji, au zaidi ya hapo. Nyumba zimeshikana, mlango ni mmoja, njia ni ya mtu mmoja kupita. Ndiyo sababu mambo yafuatayo si ya kujadiliana. Vazi lolote lisiunganishwe na stima ya nyumbani likiwa mwilini, hata kwa dakika moja, hata kwa picha. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta au simu za zamani zisitumiwe na anayeanza. Huenda hazina kinga, na nyaya zake mbili zikigusana zinaweza kuwaka moto. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, isibanwe, iondolewe nyumbani. Pawabenki isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala juu ya godoro, wala juu ya rundo la vipande vya nguo, na kwa fundi cherehani rundo hilo lipo kila mahali. Ikianza kutoa moshi itolewe nje ikiwa bado inashikika, vinginevyo watu watoke kwanza na wapige 999 au 112.

Kwa mvaaji wa umri mdogo kuna hatari nyingine ambayo haina moshi. Taa nyingi ndogo za kuchezea hutumia betri bapa kama shilingi. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima. Huyo anapelekwa hospitali papo hapo, hasubiriwi hadi asubuhi. Betri hizo zisitumiwe kabisa kwenye nguo ya mtoto.

Mvua nayo. Volti 5 hazimuui mtu aliyeloa, lakini maji yakiingia kwenye pawabenki habari inabadilika. Mawingu yakionekana, betri itolewe na vazi lifanye kazi yake kama nguo. Ndiyo maana nguo nzuri ilitangulia.

Je, kuna riziki? Kuna, ingawa si ya kila wiki. Shule hushiriki tamasha la kitaifa la drama na filamu kila mwaka na mavazi ni sehemu ya onyesho. Vikundi vya densi vya mtaani hutafuta kitu kitakachowatofautisha. Mashabiki wa vibonzo hukutana NAICCON hapa Nairobi wakiwa wamevaa kama wahusika wanaowapenda, na wengi wao hawajui kushona hata kifungo. Fundi anayekubali kazi hizi achukue amana inayotosha kununua taa, kwa sababu mteja akibadili nia, ovaroli itauzika lakini mita tatu za utepe wa zambarau hazina mnunuzi. Amwambie mteja ukweli wa saa ngapi vazi litawaka. Kijana aliyeahidiwa usiku mzima akapata saa tatu hatarudi, naye atawaeleza wenzake; aliyeambiwa saa tatu akapata saa tatu na nusu ataleta kikundi kizima.

Ujuzi wenyewe pia hauishii jukwaani. Aliyejifunza kushona utepe wa kuakisi kwa mstari ulionyooka anaweza kurekebisha fulana ya boda boda iliyofifia, begi la mtoto anayetembea alfajiri kwenda shule, koti la mama anayefunga kibanda saa tatu usiku kando ya Kibera Drive. Kazi hizo ni ndogo, lakini wateja wake wanapita mlangoni kila siku.

Kijana aliyefika na simu pale mwanzo, basi, angerudi nyumbani na orodha fupi: ovaroli moja nyeusi, ndara mbili kuukuu, chupa tatu za maziwa, mita moja ya utepe wa volti 5, pawabenki ya kuazima kwa kaka yake. Wiki ya kwanza ashone nguo na aivae bila taa. Wiki ya pili ajaribu mwanga mezani, nje ya nguo. Wiki ya tatu auingize. Akimaliza, alivae nyumbani kwa saa nzima likiwa linawaka, mtu mwingine akiwepo, na kila robo saa aguse maungio na betri kwa mkono. Uvuguvugu si tatizo. Kikiwa cha moto hadi mkono unaondoka wenyewe, azime na atafute kosa.

Baada ya onyesho, betri itolewe kwanza, ndipo nguo ivuliwe. Utepe uvutwe nje ya mfereji wake, nguo ifuliwe kwa mkono na ianikwe kivulini. Utepe ufutwe jasho kwa kitambaa kikavu na ukunjwe kwa duara pana, usikunjwe kwa pembe. Betri zilizokufa zisitupwe mtaroni wala kwenye takataka zinazochomwa. Ziwekwe kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, ncha zimefunikwa kwa tepu, hadi ziwe za kutosha kupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki kama WEEE Centre.

Wenye maswali wabaki, na waliokuja na nguo zao wazitoe zitazamwe mishono.